Hulka ya mtu na usingizi wake baada ya hofu

Hapa Goma hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini watu hawalali. Sababu tunazo, na kila mkaaji wa mji huu anaweza kuzitaja bila kutafuta: mlima ulio juu yetu, milio ya silaha, kodi ya nyumba iliyochelewa, mtoto aliye mbali ambaye simu yake haipatikani. Jambo lisilozungumzwa sana, na ambalo limenishughulisha kwa miaka kadhaa kama mwalimu wa saikolojia katika sehemu ya ualimu ya shule ya sekondari, ni kwamba sababu hizo haziwaelemei watu wote kwa uzito uleule. Ndani ya nyumba moja, chini ya bati moja, baada ya mshtuko uleule, mmoja atalala hadi jua lichomoze na mwingine atahesabu saa hadi adhana ya alfajiri isikike kutoka Birere.

Wengi wetu tulilishuhudia jambo hili mwaka 2021. Jioni ya tarehe 22 Mei mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, ulilipuka, lava ikashuka hadi Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, na katika siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi mno, mchana na usiku, hata serikali ya mkoa ikaamuru tarehe 27 Mei kwamba sehemu kubwa ya mji ihamwe. Sisi tulikwenda Sake pamoja na maelfu ya wengine. Wakati ule hakuna aliyelala vizuri, wala hakukuwa na ugonjwa wowote katika hilo, kwa sababu mwili unaokesha wakati ardhi inatikisika unafanya kazi yake ya kumlinda mwenyewe. Tofauti ilionekana baadaye. Tuliporudi nyumbani mwezi Juni, matetemeko yakiwa yametulia, mama alirudia usingizi wake katika muda mfupi. Dada yangu mkubwa hakuurudia. Alikuwa akienda kitandani mapema kwa uchovu, akasinzia, akashtuka saa nane za usiku, na kuanzia hapo akawa anasikiliza tu. Wajirani walisema kwamba mama ana imani na dada hana. Maneno hayo yalimwumiza kuliko kukesha kwenyewe, na ndiyo yaliyonifanya nisome kwa bidii kile ambacho wataalamu wamekigundua kuhusu hulka na usingizi, kwa kuwa nilimfahamu dada yangu tangu utotoni na nilijua kuwa alichokuwa nacho hakikuwa upungufu wa imani.

Wanasaikolojia wengi wa leo huieleza hulka kwa vipimo vitano, ambavyo Lewis Goldberg wa Marekani alivipa mwaka 1981 jina la Vitano Vikubwa. Vipimo hivyo ni uwazi wa akili kwa mambo mapya, bidii na mpangilio, uchangamfu kati ya watu, upole kwa wengine, na wepesi wa kufadhaika. Kila mmoja wetu anavyo vyote, huyu kwa wingi na yule kwa uchache, kama vile watu wote wana kimo ingawa si sawa. Havimgawi mtu kuwa mwema au mbaya.

Katika hivyo vitano, kimoja hujitokeza karibu kila mara watafiti wanapolinganisha hulka na shida za usingizi, nacho ni wepesi wa kufadhaika. Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyezaliwa Berlin na kufanya kazi yake London, alikuwa amekwisha kukiweka katikati ya nadharia yake mwaka 1947. Mtu mwenye hulka hii kwa wingi huona hatari mapema, huguswa na jambo kwa nguvu, na baada ya jambo kupita mwili wake huchukua muda mrefu zaidi kutulia. Yeye ndiye anayekumbuka maneno makali aliyoambiwa wiki iliyopita, na ndiye anayeuliza mara ya pili kama mlango umefungwa. Katika mji wetu mtu wa namna hii ameokoa familia nyingi, kwa kuwa ndiye aliyeweka hati za nyumba na vyeti vya watoto katika mfuko mmoja kabla ya yeyote kufikiria kukimbia. Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu vitabu vingi huizungumzia hulka hii kana kwamba haina faida yoyote, na mimi sikubaliani na hilo.

Sehemu ya hulka hii hurithiwa. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba takribani asilimia 40 ya tofauti zilizopo kati ya watu katika wepesi wa kufadhaika hutokana na urithi, na zilizobaki hutokana na maisha. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti mkubwa wa jeni uliohusisha watu zaidi ya milioni 1.3 kuhusu kukosa usingizi, na matokeo yake yalikuwa ya kufikirisha: jeni zinazohusiana na kukosa usingizi zilifanana zaidi na zile za wasiwasi na huzuni kuliko zile zinazoamua, kwa mfano, kama mtu ni wa kuamka mapema au wa kuchelewa. Waliochunguzwa walikuwa hasa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa hiyo sitaki kuyahamishia matokeo hayo Goma kama yalivyo. Hata hivyo yanatosha kuonyesha kwamba anayeshindwa kulala baada ya mshtuko hakuchagua kushindwa.

Inafaa kueleza jinsi hulka inavyoingia kitandani. Mtu anapohisi hatari, moyo huongeza mapigo, misuli hukaza, na tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za tahadhari, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Kwa mtu mwepesi wa kufadhaika, hatari haihitaji kuwapo chumbani, kwani kuifikiria tu kunatosha kuuamsha mwili. Mchana mawazo hayo hayapati nafasi kubwa. Kuna maji ya kuchota, kuna soko la Virunga, kuna watoto wa kutayarisha kwa shule. Saa ya kulala ndiyo saa ya kwanza ambayo kichwa hakina kazi, na hapo yote yaliyosubiri hujitokeza kwa pamoja. Ndiyo maana watu wengi husema kwa mshangao kwamba walikuwa wakisinzia wameketi kwenye kiti, lakini mara tu walipojilaza usingizi ukatoweka.

Ushauri unaotolewa zaidi hapa kwetu ni kumwambia mtu aache mawazo. Unatolewa kwa upendo, lakini mara nyingi unadhuru. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wajizuie kumfikiria dubu mweupe, nao hawakuweza. Zaidi ya hayo, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, wazo hilo liliwajia kwa wingi zaidi kuliko kwa wale ambao hawakuwa wamekatazwa. Usingizi nao hauji kwa kuamriwa. Anayejilazimisha kulala anajichunguza kila dakika kama amelala, na kujichunguza huko ni kuwa macho. Mtu mtulivu akikosa usingizi usiku mmoja hulala vizuri kesho yake bila kulitafakari jambo hilo. Mtu mwepesi wa wasiwasi huanza tangu jioni kuogopa usiku unaokuja, na sasa ana hofu mbili, ile ya mlima na ile ya kitanda.

Hapo ndipo ninapoona maelezo ya Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa New York, kuwa ya msaada kuliko mengine yote niliyoyasoma. Mwaka 1987 alieleza kwamba ukosefu wa usingizi wa muda mrefu una mambo matatu. Kwanza kuna yale yanayomweka mtu tayari, na hulka yake ni mojawapo. Kisha kuna lile linaloanzisha: tetemeko, msiba, kuachishwa kazi. Hatimaye kuna yale yanayoendeleza, yaani tabia ambazo mtu huzishika ili kupambana na shida, nazo zinageuka kuwa shida yenyewe. Kiberiti kilichowasha moto huenda kimezimika zamani, lakini moto unaendelea kwa sababu kuna mkono unaoongeza makaa. Dada yangu alikuwa akienda kitandani saa moja jioni ili kufidia, akalala mchana kila alipopata nafasi, akanywa chai nzito asubuhi na alasiri ili asimame, na usiku akawa anatazama saa ya simu. Kila moja ya tabia hizo ina maana kwa mtu aliyechoka, na kila moja ilimwondolea sehemu ya usingizi wa usiku uliofuata. Nyiragongo ulikuwa umenyamaza, naye alikuwa bado anakesha.

Nilichokithamini katika maelezo hayo ni kwamba yanaipa hulka nafasi yake bila kuipa mamlaka yote. Ya kwanza kati ya hayo matatu ni ngumu kuibadilisha, ya pili imekwisha kupita, lakini ya tatu iko mikononi mwa mtu hata kama moyo wake ni mwepesi kushtuka.

Bidii na mpangilio ni kipimo chenye pande mbili, na ninakiona kila siku kati ya walimu wenzangu. Kwa jumla, watu wenye mpangilio hulala vizuri zaidi, kwa kuwa wana saa maalumu ya kulala na kuamka, hawaachi kazi zote kwa dakika ya mwisho, na aghalabu ni watu wa asubuhi. Lakini bidii hiyo ikichanganyika na hofu ya kukosea, hali hugeuka. Namzungumzia mtu asiyeweza kufunga daftari mpaka kila alama ihakikiwe mara tatu, ambaye kosa dogo alilolifanya mbele ya wanafunzi humrudia usiku kwa ukubwa usio wake. Tafiti kuhusu wanaodai ukamilifu zimetofautisha kujiwekea lengo la juu na kuogopa hukumu ya wengine, na ni hilo la pili linaloambatana na usingizi mbaya. Mtu wa namna hii hata usingizi huufanya kuwa mtihani: ni lazima alale kwa muda wa saa nane kamili, la sivyo kesho itaharibika.

Kwa mtu kama huyo kuna jambo rahisi lililopimwa. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, huko Texas, pamoja na wenzake, waliwaomba vijana watumie dakika tano kabla ya kulala kuandika. Baadhi waliandika kazi walizokwisha kuzifanya, wengine wakaandika kazi zinazowangoja siku zijazo. Walioandika zinazowangoja walisinzia haraka zaidi, kwa tofauti ya wastani wa takribani dakika tisa, na waliofafanua orodha yao kwa undani walisinzia haraka kuliko walioandika kwa ufupi. Kundi lilikuwa dogo, lakini jambo lenyewe halina gharama wala madhara, na daftari na kalamu hazikosekani katika nyumba ya mwalimu.

Kuhusu uchangamfu, upole na uwazi wa akili, uhusiano wao na usingizi ni dhaifu zaidi, na sitakaa hapo. Nitasema tu kwamba mtu mchangamfu huweza kulala kwa kuchelewa kwa sababu usiku wake umejaa watu, na hilo si sawa na kutaka kulala na kushindwa. Kadhalika si kila anayekosa usingizi apimwe kwa hulka: maumivu, ujauzito, malaria, kukoroma kunakokatiza pumzi, na mtoto mchanga anayenyonya vina sababu zao. Wanawake hulalamikia usingizi kuliko wanaume katika nchi nyingi, na kabla ya kutaja wepesi wao wa wasiwasi ningeomba kwanza tuhesabu ni nani anayeamka wakati wa giza kutafuta maji.

Kuna pia upande wa pili ambao wanafunzi wangu huuliza, nao huuliza vizuri: je, ni hulka inayoharibu usingizi, au ni kukosa usingizi kunakoibadili hulka? Yote mawili hutokea. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwanyima vijana wazima usingizi kwa usiku mmoja, kisha wakawaonyesha picha za kutisha wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, iitwayo amigdala, iliitikia kwa nguvu zaidi kwa takribani asilimia 60 kuliko kwa wale waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza, yalipungua. Hao walikuwa watu wenye afya, na usiku mmoja tu uliwafanya waonekane kama watu wa wasiwasi. Kwa hiyo tunapomwona mtu aliyekesha kwa miezi akiwa mkali, mwenye machozi ya karibu na asiyeweza kuamua jambo, tusiharakishe kusema kwamba hivyo ndivyo alivyo. Huenda hatujamwona alivyo tangu alipoacha kulala.

Utafiti ulionigusa zaidi ulitoka Amsterdam mwaka 2019. Tessa Blanken, Eus Van Someren na wenzao walitumia majibu ya watu zaidi ya 4,000, na badala ya kuuliza jinsi kila mmoja anavyokosa usingizi, yaani kama anachelewa kusinzia au anaamka mapema, waliangalia hulka, hisia na historia ya maisha. Wakapata aina tano za watu wenye kukosa usingizi. Wako wenye dhiki kubwa katika karibu kila jambo. Wako wenye dhiki ya wastani ambao bado wanafurahia mambo mema, na wengine wa dhiki hiyohiyo ambao furaha imewakauka. Na wako wenye dhiki ndogo, ambao wamegawanyika kati ya wale ambao usingizi wao huvurugwa sana na misukosuko ya maisha na wale ambao hauvurugwi sana. Aina hizo hazikuitikia matibabu kwa namna moja, na hatari ya kupata huzuni kubwa haikuwa sawa kati yao. Nikiwafikiria watu ninaowafahamu katika mtaa wetu, ninawaona wote hao, na wote wamepewa ushauri uleule: sali, uache mawazo, kunywa maziwa ya moto.

Tena kuna vidonge. Dayazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, huuzwa hapa bila karatasi ya daktari, na watu huinunua kidonge kimojakimoja. Ninaomba kwa moyo wote wanaonisoma wasiizoee, kwa sababu mwili huihitaji kwa wingi zaidi kadiri siku zinavyopita, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu kunaweza kuleta hata degedege. Mtu mwepesi wa wasiwasi ndiye anayevutwa nayo zaidi, kwa kuwa inazima kwa haraka kile kinachomtesa. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba matibabu ya kwanza kwa mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu yawe yale ya kubadili tabia na fikra, kabla ya dawa. Sehemu ya matibabu hayo inatokana na kazi ya mwanasaikolojia Richard Bootzin ya mwaka 1972, naye alifundisha mambo ambayo yeyote anaweza kuyajaribu: kwenda kitandani pale tu usingizi unapokuja, kuondoka kitandani usipokuja, kutofanya kitandani kazi ya kuwaza, kuamka saa ileile kila siku, na kutolala mchana.

Mashauri hayo yalitungwa kwa nyumba zenye vyumba vingi na umeme. Kwetu, mahali ambapo watoto wamelala wakijaza sakafu na umeme umekatika, kuambiwa uhamie chumba kingine si jambo la maana. Tuliyarekebisha. Dada aliweka mkeka karibu na ukuta wa sebule, na alipoona usingizi umekwenda aliketi pale, mgongo ukutani, akafanya kazi ya mikono iliyokuwa nyepesi kiasi cha kuweza kufanywa gizani, ambayo kwake ilikuwa kusuka kikapu, mpaka macho yakawa mazito. Simu ilikaa kwa mama. Chai ya alasiri iliondolewa, kwa sababu baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa mawazo mengi, hatukumkataza mawazo, bali tuliyapa saa. Baada ya kula chakula cha jioni, aliketi na mama akayasema yote aliyoyahofia, moja baada ya jingine, na kwa kila moja wakasema ni nini kinachowezekana kufanywa kesho na ni nini kisichowezekana. Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya kuliko yaliyotangulia, na mtu asipoonywa kuhusu hilo ataacha mapema. Kisha usingizi ukaanza kurudi, kwa vipande kwanza, halafu kwa usiku mzima.

Wataalamu huhesabu kukosa usingizi kuwa ugonjwa pale kunapotokea angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, mtu akiwa na nafasi ya kulala na mchana wake ukiharibika. Aliyefika huko, hasa kama anaona maisha hayana thamani tena au ndoto za yale aliyoyashuhudia zinamrudia, anahitaji mtu mwenye ujuzi. Hapa Goma kipo kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, na Bukavu kipo cha SOSAME. Kwenda huko hakumaanishi kwamba mtu amerukwa na akili.

Mapigano yalipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, dada yangu alikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kupoteza usingizi na wa mwisho kuupata tena. Hulka yake haikuwa imebadilika, wala hakuna aliyetarajia ibadilike. Lakini safari hii hakwenda kitandani saa moja jioni, hakulala mchana, na hakujiambia kwamba amerogwa au kwamba Mungu amemwacha. Milio iliponyamaza alikesha kwa majuma machache, kisha akalala. Mama, ambaye alikuwa amelala tangu usiku wa kwanza wa utulivu, hakumwambia neno lolote kuhusu imani, alimtandikia mkeka.